Metali na simetali: mwanafunzi wa kemia aanzie sokoni Kisesa

Kisesa ipo kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Magu na Musoma. Kwenye vibanda vya pembeni mwa barabara hiyo misumari huuzwa kwa kilo, sufuria za alumini hupangwa kubwa chini ndogo juu, na meza moja hubeba betri za tochi, viberiti, chumvi ya pakiti na magadi. Hatua chache mbele kuna magunia ya mkaa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayepita hapo na daftari la kemia kwapani amebeba maelezo ya vitu hivyo hivyo: chuma, alumini, zinki, kaboni, fosforasi, sodiamu, klorini. Mara nyingi hajui kwamba anapishana navyo.

Shida ya somo hili huanzia hapo. Mada ya metali na simetali hufundishwa kama orodha mbili zinazotazamana. Upande mmoja huandikwa kwamba metali hung'aa, hupitisha umeme na joto, hufulika. Upande wa pili huandikwa kinyume chake. Mwanafunzi hukariri, huandika mtihani, na baada ya wiki mbili orodha zote mbili zimefutika kichwani. Akikutana na swali lililogeuzwa kidogo tu, kwa mfano kwa nini bati lililokwaruzwa haliozi haraka, hana pa kushika.

Makala hii inamshauri mwanafunzi, pamoja na mzazi na mwalimu wake, kufuata njia nyingine: kushika wazo moja linalobeba mada nzima, kisha kulipima kwa vitu vinavyopatikana nyumbani na sokoni.

Swali moja la kuanzia

Wazo lenyewe ni hili: metali hutoa elektroni, simetali hupokea au hugawana elektroni. Kila mara mwanafunzi anapokutana na mmenyuko wa kemia katika mada hii, ajiulize kwanza nani anatoa na nani anapokea. Sehemu kubwa ya yale anayolazimishwa kukariri yatajieleza yenyewe.

Achukue mfano wa sodiamu na klorini. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, zimekaa kwenye maganda matatu kwa mpangilio wa 2, 8, 1. Ile moja ya nje haina mshiko imara. Sodiamu ikipata nafasi huiachia. Klorini ina elektroni 17, mpangilio wake ni 2, 8, 7, na imepungukiwa na moja tu ili ganda lake la nje litimie. Zikikutana, moja hutoa na nyingine hupokea. Sodiamu peke yake ni metali laini inayokatika kwa kisu, ambayo huhifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu ikigusa maji huwaka na hata kulipuka. Klorini peke yake ni gesi ya sumu. Mwezi Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliitumia kama silaha huko Ypres, Ubelgiji. Zikiungana zinakuwa chumvi inayotiwa kwenye mboga kila jioni. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatasahau tena kwamba mchanganyiko wa kawaida na muungano wa kikemia ni mambo mawili tofauti.

Wazo hilo hilo linaeleza tabia za metali. Ndani ya kipande cha shaba, elektroni za nje hazimilikiwi na atomu moja. Huzunguka huru katika kipande kizima. Ndiyo maana umeme hupita. Ndiyo maana joto la moto hufika upesi kwenye mkono wa kijiko. Na kwa kuwa atomu zinaweza kuteleza moja juu ya nyingine bila muungano wao kuvunjika, fundi anaweza kuipiga nyundo metali ikatandazika badala ya kupasuka. Salfa, ile inayopulizwa kwenye mikorosho kule Mtwara na Lindi, haina elektroni huru za aina hiyo. Ukiigonga inakuwa unga, na umeme haupiti.

Simetali zinapokutana zenyewe kwa zenyewe hakuna aliye tayari kutoa kabisa, hivyo hugawana. Maji ya Ziwa Victoria ni haidrojeni na oksijeni zinazogawana elektroni. Hewa tunayotoa puani ina kaboni na oksijeni zilizoungana kwa njia hiyo hiyo.

Mambo yanayowapotosha wengi

Jedwali la elementi, ambalo Mrusi Dmitri Mendeleev alilichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1869, sasa lina elementi 118, na zaidi ya 90 kati ya hizo ni metali. Katika wingi huo lazima ziwepo zinazotoka kwenye mstari, na watunga mitihani wanazipenda.

Zebaki ni metali, lakini katika joto la kawaida ni kimiminika. Huganda inapofika nyuzi 39 chini ya sifuri za Selsiasi. Sodiamu na potasiamu ni metali, lakini ni nyepesi kiasi cha kuelea juu ya maji. Kaboni ni simetali, lakini ikiwa katika umbo la grafiti hupitisha umeme. Almasi nayo ni kaboni tupu, ngumu kupita kitu chochote ambacho mwanafunzi atakutana nacho, na haipitishi umeme. Almasi zinazochimbwa Mwadui, Shinyanga, tangu John Williamson alipogundua mgodi ule mwaka 1940, ni ndugu wa mkaa unaouzwa kwa debe. Kinachozitofautisha ni jinsi atomu zilivyopangwa.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kila kinachochimbwa ardhini ni metali. Tanzanaiti ya Mirerani ni madini, lakini ni muungano wa kalsiamu, alumini, silikoni, oksijeni na haidrojeni. Hata yale majabali yanayoipa Mwanza sura yake, pamoja na Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na bandari, kwa uzito ni oksijeni na silikoni zaidi ya kitu kingine, zikiwa zimeshikana na alumini, potasiamu na sodiamu. Silikoni iko katikati: si metali kamili wala si simetali kamili. Ikisafishwa sana ndiyo inayotengeneza paneli za sola zilizo juu ya mapaa ya vijiji vya Magu.

Mwanafunzi aandike mifano hii ukurasa mmoja, kila mmoja na sababu yake. Sababu ndiyo inayoleta alama.

Safu ya ukali inasomeka kwenye historia

Metali hazitoi elektroni kwa wepesi sawa. Walimu huziorodhesha kuanzia kali kabisa hadi tulivu kabisa: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, kisha kaboni inawekwa hapo ingawa si metali, halafu zinki, chuma, risasi, haidrojeni, shaba, zebaki, fedha na dhahabu. Wanafunzi wengi huimba orodha hii kwa kutunga sentensi ya herufi za mwanzo. Ipo njia inayodumu zaidi: kuisoma kama historia ya binadamu.

Dhahabu haipendi kutoa elektroni, hivyo hupatikana ardhini ikiwa dhahabu. Mtu wa kale aliiokota ikimeremeta mtoni. Shaba ilihitaji moto wa mkaa kuachana na oksijeni. Chuma kilihitaji moto mkali zaidi na hewa nyingi ya kupuliza, kwa hiyo kilikuja baadaye. Alumini imeshikana na oksijeni kiasi kwamba kaboni haiwezi kuinyang'anya kwa tanuri la kawaida. Ilibidi kusubiri umeme, na njia ya viwandani inayotumika mpaka leo iligunduliwa mwaka 1886 na watu wawili, kila mmoja kwake: Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Potasiamu na sodiamu nazo zilitolewa kwa umeme, mwaka 1807, na Humphry Davy wa Uingereza. Nafasi ya kaboni katika safu ndiyo mpaka: metali zilizo chini yake hutolewa kwa mkaa, zilizo juu yake hutolewa kwa umeme.

Mwanafunzi wa Kisesa ana ushahidi wa jambo hili karibu na nyumbani. Bujora, palepale Kisesa, yapo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Miongoni mwa mabanda yake lipo la wafua chuma. Mafundi mashuhuri wa kazi hiyo katika ukanda huu walikuwa Warongo wa upande wa kusini-magharibi mwa ziwa, waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kuuza majembe hadi Usukumani. Anayetembelea banda hilo asitazame majembe na mivukuto kama vitu vya kale tu. Ajiulize kila kimoja kilifanya kazi gani katika kemia. Mvukuto ulileta oksijeni. Mkaa uliungua ukatoa joto pamoja na monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo ndiyo iliyonyang'anya jiwe la chuma oksijeni yake, kwa mlinganyo ule ule ulioandikwa ubaoni shuleni:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Ng'ambo ya ziwa, Kagera, habari ni kubwa zaidi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao kuhusu matanuri ya kale ya Buhaya. Wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaijua kazi hiyo waliwajengea tanuri na kuliendesha mbele yao. Shimo la tanuri lilijazwa matete ya bwawani yaliyochomwa, ambayo yalitoa kaboni ya kuingia ndani ya chuma. Mifereji ya udongo ya kupitishia hewa iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na watafiti wakaeleza kwamba hewa ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Walichokipata ni chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, na mabaki ya matanuri ya aina hiyo waliyoyafukua yalikadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Mtoto wa Kanda ya Ziwa anayeambiwa kwamba kemia ni elimu ya wageni anastahili kuyajua haya.

Bati, daraja na sufuria

Kutu ni mahali pengine ambapo wazo la kutoa elektroni linaonekana kwa macho. Chuma kikipata maji na oksijeni kwa pamoja, hutoa elektroni na kugeuka oksidi yenye maji, ile rangi ya kahawia inayobanduka. Kikikosa kimojawapo, hakioti kutu. Chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana baiskeli ya Dar es Salaam au Unguja huliwa na kutu mapema kuliko ya Mwanza, ambako maji ya ziwa hayana chumvi.

Mwanafunzi atazame bati la paa kwa karibu. Bati ni chuma chembamba (kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo linavyokuwa jembamba, hivyo geji 30 ni jembamba kuliko geji 28) lililopakwa zinki juu na chini. Sehemu iliyokatwa kwa mkasi, ukingo wa chuma hubaki wazi. Pamoja na hayo hauozi mara moja. Zinki iko juu ya chuma katika safu ya ukali, hivyo maji yanapokuja hutangulia yenyewe kutoa elektroni na chuma kinabaki salama mpaka zinki ya jirani iishe. Rangi ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Ikikwaruzwa, chuma kimekwisha. Hili ni swali la mtihani lenye alama nyingi, na jibu lake liko juu ya kichwa cha mwanafunzi kila usiku.

Kwenye Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3 juu ya maji ya ziwa na lililofunguliwa mwezi Juni 2025, nondo zimelindwa kwa njia tofauti. Saruji ina alkali kali, na ndani ya alkali hiyo nondo hujifunika utando mwembamba sana wa oksidi unaoizuia kutu kuanza. Zege likipasuka na maji yakaingia, ulinzi huo hupotea. Ndiyo sababu mafundi wanaojua kazi hawapuuzi nyufa.

Sufuria ya alumini inashangaza kidogo. Alumini ni kali kuliko chuma, ingetegemewa iharibike haraka zaidi. Haiharibiki kwa sababu oksidi yake haibanduki kama kutu. Inashika na kuifunika metali iliyo chini. Lakini oksidi hiyo huyeyushwa na asidi na pia alkali. Maharage yaliyotiwa magadi huiachia sufuria weusi, na ndimu au nyanya zikilazwa humo huila polepole. Ushauri kwa nyumba yoyote: chakula chenye ukali kisilazwe ndani ya sufuria ya alumini, hasa zile zinazosubuliwa mitaani kwa vyuma chakavu vya kila aina, kwa kuwa chakavu hicho kinaweza kuwa kimechanganyika na risasi.

Majaribio ya kufanya bila maabara ya gharama

Jaribio la kwanza ni la misumari. Mwanafunzi atafute chupa tano safi na misumari minne ya kawaida ya mbao, aisugue kwa msasa mpaka ing'ae, na msumari mmoja wa bati uliopakwa zinki. Chupa ya kwanza aweke maji ya kawaida yasiyofunika msumari wote. Ya pili aweke maji yaliyochemshwa vizuri ili kuondoa hewa, yakipoa amimine mafuta ya kula juu yake. Ya tatu ibaki kavu, msumari ukiwa juu ya pamba kavu, kifuniko kimekazwa. Ya nne aweke maji ya chumvi. Ya tano aweke ule msumari wa zinki ndani ya maji ya kawaida. Kila siku aandike anachokiona. Baada ya wiki moja atakuwa na jibu la mikono yake mwenyewe kuhusu masharti ya kutu.

La pili ni la umeme. Betri mbili za tochi, glopu ya tochi na vipande vya waya vinatosha. Aache nafasi kati ya ncha mbili za waya, kisha aizibe kwa kijiko, sarafu, msumari, kipande cha plastiki, kuni kavu, na kijiti cheusi cha ndani ya penseli. Kile cha penseli ni grafiti. Glopu inaweza kuwaka kwa mwanga hafifu, na kadiri kijiti kinavyokuwa kifupi ndivyo mwanga unavyoongezeka. Jaribio hili lifanywe kwa betri tu. Umeme wa ukutani usiguswe kamwe.

La tatu linahusu oksidi. Oksidi nyingi za metali zikiyeyuka katika maji hutoa alkali. Oksidi nyingi za simetali hutoa asidi. Juisi ya choya isiyotiwa sukari inafaa kuwa kipimo. Akidondoshea ndimu, inabaki nyekundu. Akidondoshea maji ya majivu yaliyochujwa kidogo kidogo, rangi hugeuka kuelekea bluu na kijani, kwa sababu majivu yamebeba misombo ya potasiamu na kalsiamu kutoka kwenye kuni. Kwa upande wa simetali, mwalimu akoroge chokaa ndani ya maji, aache itulie na kuchuja maji ya juu, kisha mwanafunzi apulize pumzi ndani yake kwa mrija, bila kuyavuta mdomoni. Maji yatageuka meupe kama maziwa: hiyo ni dioksidi ya kaboni imekutana na kalsiamu.

Betri yenyewe nayo ni somo. Betri ya kawaida ya tochi ina gamba la zinki na kijiti cha kaboni katikati, metali na simetali katika kifaa kimoja. Zinki hutoa elektroni, nazo hupita kwenye glopu kabla ya kupokelewa upande wa pili na msombo wa manganizi uliozunguka kijiti. Gamba huliwa kidogo kidogo, ndiyo maana betri iliyokwisha hutoboka na kutoa majimaji yanayoharibu tochi. Walimu wengi hutumia vijiti hivyo vya kaboni kwa majaribio ya kupitisha umeme katika miyeyusho. Kuvitoa ni kazi ya mwalimu mwenye glavu. Majimaji hayo huunguza ngozi. Betri za gari zenye asidi na risasi zisifunguliwe na mwanafunzi kwa hali yoyote.

Dhahabu na hatari ya zebaki

Kanda ya Ziwa ni nchi ya dhahabu, na baadhi ya wanafunzi wanatoka kwenye familia za wachimbaji wadogo. Kwao kemia hii inagusa afya.

Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, kwa kuwa zebaki huishika dhahabu na kutengeneza nayo donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 na kuruka kama mvuke. Dhahabu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, inabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu, na ukivutwa hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Ukianguka majini, bakteria huibadilisha zebaki kuwa umbo linalojikusanya ndani ya samaki. Samaki wenye zebaki ya umbo hilo ndio walioudhuru mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na maji machafu ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa hiyo: mtoto asishike zebaki, asikae karibu na mtu anayechoma donge, na donge lisichomwe kamwe jikoni au ndani ya nyumba. Mzazi asiye na njia nyingine kwa sasa atumie angalau kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuupoza, naye akae upande upepo unakotoka.

Migodi mikubwa kama wa Geita hutumia njia nyingine. Dhahabu huyeyushwa kwa sianidi, msombo wa kaboni na naitrojeni, kwa msaada wa oksijeni ya hewa. Baadaye hunaswa na mkaa maalumu, na mwishoni umeme huirudishia elektroni ikawa metali tena. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu. Kazi za namna hiyo zinahitaji wakemia, na hakuna sababu ya wakemia hao kutotoka Kisesa, Magu na Sengerema.

Kujiandaa kwa mtihani

Mwanafunzi atenge daftari dogo la vitu. Kila ukurasa uwe na kitu kimoja kinachojulikana nyumbani, elementi zilizomo, nani ametoa elektroni na nani amepokea, matumizi, na mlinganyo mmoja uliosawazishwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu na fosforasi. Mbolea ya NPK ina simetali mbili, naitrojeni na fosforasi, pamoja na metali moja, potasiamu. Fosforasi ya Minjingu, Manyara, huchimbwa hapa hapa nchini. Kiberiti kina fosforasi nyekundu ubavuni mwa kasha. Pakiti ya chumvi imeandikwa kwamba ina madini joto, yaani iodini, simetali inayozuia uvimbe wa shingo. Kurasa 30 za namna hiyo zina faida kuliko vitini 10 vilivyonakiliwa.

Kwa mtihani wa vitendo, rangi zijulikane kwa kuziona. Moto wa sodiamu ni njano, wa potasiamu zambarau hafifu, wa kalsiamu nyekundu ya tofali, wa shaba bluu-kijani. Supu ikifurika kwenye jiko la gesi na moto wa bluu ukageuka njano, hiyo ni sodiamu ya chumvi. Ukitia alkali kwenye myeyusho wa shaba, mashapo yanayotuama ni bluu. Ya chuma huwa kijani kilichofifia au kahawia nyekundu, kulingana na elektroni ngapi chuma kimepoteza. Haidrojeni hulia pop ikiwashwa, oksijeni huwasha upya kijiti chenye kaa.

Jambo la mwisho ni lugha. Kemia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wengi huanguka kwa kukosa maneno huku wazo wanalo. Vikundi vya kusoma vieleze kwanza kwa Kiswahili, hata Kisukuma, mpaka kila mmoja aelewe. Halafu kila mmoja aandike maelezo yale yale kwa Kiingereza na wasahihishane. Hatua hizo mbili zisirukwe wala zisibadilishwe mpangilio.

Mwaka 2014 wananchi kote nchini walichangia fedha, mawe na nguvu zao kujenga maabara za fizikia, kemia na biolojia katika sekondari za kata. Wakuu wa shule wazifungue, hata kama kabati halijajaa, na walimu waanze na chupa na misumari. Wazazi waulize kwenye vikao watoto wamefanya majaribio mangapi muhula huu, kama wanavyouliza kuhusu matokeo. Na mwanafunzi asisubiri ratiba: aweke misumari yake ndani ya chupa jioni ya leo, aandike anachokiona kwa siku saba, kisha ampelekee mwalimu daftari hilo pamoja na maswali yake.